Mtumba, Msalato au Mkonze: ni ujenzi upi wa kuuendea kwa baiskeli Dodoma?

Anayetaka kuutazama ujenzi mkubwa wa Dodoma akiwa juu ya baiskeli, kwa mwendo wa taratibu na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana, ana safari tatu za kuchagua kutoka katikati ya mji. Ya kwanza ni kwenda mashariki kwa barabara ya Dar es Salaam hadi Mji wa Serikali, Mtumba. Ya pili ni kaskazini kwa barabara ya Arusha hadi uwanja mpya wa ndege wa Msalato. Ya tatu, fupi kuliko zote, ni kwenda Mkonze kuiona stesheni ya reli ya kisasa, SGR. Wapo watakaotaja Chamwino kwenye Ikulu mpya iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Huko ni mbali mno kwa matembezi, na ukifika hakuna pa kusimama na kutazama. Tunaiacha.

Watu wengi huchagua kwa kuuliza jengo lipi ni kubwa zaidi. Sisi tunashauri uanze na swali jingine: nitarudi na upepo gani? Dodoma jengo lolote utalifikia. Kinachowachosha watu hadi wakasukuma baiskeli kwa mkono ni kilomita kumi za mwisho, jua likiwa limeshapanda na upepo ukiwapiga kifuani.

Upepo na jua kwanza

Mji uko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, wenye vilima vya mawe vilivyotawanyika na miti mifupi. Hakuna cha kukinga upepo. Wakati wa kiangazi, hasa Juni hadi Oktoba, upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ni ndugu wa ule ambao watu wa pwani huuita kusi. Alfajiri huwa umelala, jua likipanda unaamka, na kuanzia saa 4 asubuhi unavuma kweli, ukibeba na vumbi.

Weka jambo hilo juu ya ramani utaona tofauti mara moja. Ukienda Mtumba unauelekea upepo asubuhi ukiwa bado mdogo na miguu yako ikiwa mipya, kisha unarudi ukisukumwa mgongoni. Ukienda Msalato, upepo hukusaidia kidogo wakati wa kwenda, halafu unaulipia wakati wa kurudi kusini. Ndiyo maana Mtumba, ingawa ni mbali zaidi, mara nyingi huchosha kidogo kuliko hesabu ya kilomita inavyoonyesha, na Msalato huchosha zaidi.

Jua nalo lina kanuni yake. Dodoma huchomoza kati ya saa 12:10 asubuhi (mwezi Novemba) na saa 12:50 (mwezi Julai). Anayekwenda mashariki hupigwa na jua la machoni kwa karibu saa nzima ya mwanzo. Kofia yenye ukingo wa mbele inatosha kwa upande wako. Hatari kubwa ni jioni: ukirudi kutoka Mtumba saa 12 jioni unaelekea magharibi, jua linazama mbele yako, na dereva wa lori aliye nyuma yako naye analitazama jua hilohilo. Hakuoni. Mtumba ni safari ya asubuhi tu. Msalato na Mkonze unaweza kwenda alasiri, kuanzia saa 10, mradi urudi kabla ya giza.

| | Mtumba | Msalato | Mkonze |
|---|---|---|---|
| Umbali kutoka Nyerere Square, kwenda tu | kama km 17 | km 12 hadi 14 | haufiki km 10 |
| Muda wa kwenda kwa mwendo wa km 12 hadi 15 kwa saa | saa 1 na robo hadi 1 na nusu | kama saa 1 | dakika 40 au chini |
| Maji ya kubeba kwa mtu mmoja | lita 3 | lita 2 | lita 1 |
| Magari makubwa | mengi sana | ya wastani | ya wastani |
| Upepo wa kurudi, kiangazi | mgongoni | usoni au ubavuni | hubadilika, si tatizo |
| Ujenzi wa kuonekana kutoka barabarani | mwingi | upo, lakini kwa mbali | jengo limekamilika |

Mtumba: pa kwenda ukitaka kuona kazi yenyewe

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, na kwa miongo mingi mtu alikuja Dodoma akauliza makao makuu yako wapi. Mtumba ndiyo majibu. Mji wa Serikali ulizinduliwa tarehe 13 Aprili 2019 kwa majengo ya awali ya wizara, ya chini na ya haraka. Baadaye yakafuata majengo makubwa ya ghorofa, kila wizara na lake. Kwa hiyo ukifika unaona hatua mbili za mji mmoja zikiwa bega kwa bega: nyumba fupi za mwanzo, na nyuma yake maghorofa.

Kwa mpenda ujenzi uzuri wa Mtumba ni kwamba kazi haziko kwenye hatua moja. Ukizunguka taratibu unaweza kukuta jengo moja linapakwa rangi na jingine bado limesimama juu ya mirunda. Tazama chini ya sakafu ya ghorofa iliyomwagwa karibuni: ile misitu ya nguzo za chuma au miti haikuachwa kwa uvivu. Zege hupimwa nguvu yake kamili kwa kawaida siku ya 28, na fundi anayeng'oa nguzo mapema anakaribisha nyufa. Tazama pia kama sakafu imefunikwa magunia yaliyolowa au inamwagiwa maji. Katika ukavu na upepo wa Dodoma zege hupoteza maji upesi juu kuliko ndani, na hapo ndipo nyufa ndogo za utando huanza. Eneo la ujenzi linalomwagilia zege lake saa 2 asubuhi ni eneo linalojua kazi.

Sasa barabara. Hii ndiyo njia kuu ya malori yanayotoka bandarini kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na asubuhi huchanganyika na mabasi yanayotoka stendi kuu ya Nanenane, Nzuguni, pamoja na magari ya watumishi wanaowahi ofisini huko huko unakokwenda. Siku ya kazi, kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi, tunaikataa njia hii kabisa kwa mtu asiyezoea barabara kuu.

Lori kubwa likikupita karibu hufanya mambo mawili: kwanza upepo wake hukusukuma nje, kisha, mkia ukishapita, hukuvuta ndani kuelekea barabarani. Wengi hujiandaa na msukumo wa kwanza wakasahau wa pili. Shika usukani kwa mikono yote miwili, legeza viwiko, endelea kukanyaga pedali, na usitazame nyuma wakati lori liko usawa wako. Tembea kwenye bega la barabara, upande wa kushoto, lakini acha kama nusu mita kutoka ukingo wa lami. Ukingo wenyewe mara nyingi umevunjika, na mchanga ulioletwa na upepo hujikusanya hapo. Gurudumu la mbele likiingia kwenye mchanga ghafla, usikate kona wala usikamate breki ya mbele. Acha baiskeli ijiendee yenyewe mpaka iguse pagumu.

Mahali pa kuvunja safari ni Nzuguni, kilomita chache kabla ya nusu ya njia. Soko la Job Ndugai liko hapo karibu na stendi: matunda, chai, chapati, na mafundi baiskeli wa kutosha. Ukiona kasoro yoyote, itengeneze hapo. Ukishapita Nzuguni kuelekea Ihumwa mafundi wanapungua, na malori yanaongezeka kwa sababu ya bandari kavu ya Ihumwa.

Ukiingia Mtumba ongeza kilomita 6 hadi 8 za kuzunguka. Barabara za ndani ni za lami, pana na hazina fujo. Hapo ndipo unapolipwa kwa tabu ya barabara kuu. Jumla ya safari yote ni kama kilomita 40. Kwa mtu ambaye hajapanda baiskeli mwezi mzima hiyo ni nyingi. Aanze na Msalato.

Msalato: nafasi na utulivu

Uwanja wa ndege wa zamani wa Dodoma umebanwa na mji pande zote. Hauna pa kukua. Msalato ulichaguliwa kwa sababu ya nafasi. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 30 Oktoba 2022, kwa fedha ambazo sehemu kubwa imetoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Takwimu hiyo ina maana zaidi ukiiweka kwenye pedali: kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa, kupita urefu wa njia hiyo kungekuchukua dakika 16 na zaidi.

Urefu huo si wa fahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Kwenye mita 1,100 na mchana wa nyuzi 30, ndege iliyobeba mafuta ya safari ndefu huhitaji kukimbia ardhini mbali zaidi kuliko ingekimbia pwani asubuhi. Ukielewa hilo, ule uwanda mtupu unaoonekana hauna kitu huanza kusomeka.

Tuseme ukweli kuhusu kinachoonekana: utatazama kwa mbali. Viwanja vya ndege huzungushiwa uzio na kuachiwa nafasi kubwa kati ya uzio na kazi. Utaona jengo la abiria, utaona mnara, utaona tuta refu la udongo na mitambo ikipita. Ukiwa na darubini ndogo, ile ya kutazamia ndege wa porini, ibebe. Tofauti yake ni kubwa. Anayetaka kuona nondo na kijiko kikichimba mita hamsini mbele yake atavunjika moyo Msalato. Anayetaka barabara yenye pumzi na mandhari atafurahi.

Kwa sababu njia yenyewe ni nzuri. Ukishatoka Mnadani na eneo la Chuo cha Mipango, nyumba zinapungua, anga linafunguka. Upande wa kaskazini wa mji ndiko kwenye mashamba ya mizabibu, na mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Ukienda miezi hiyo utakuta zabibu barabarani kwenye ndoo na sinia. Nunua wakati wa kurudi, si wa kwenda. Zikikaa kwenye kerieli saa mbili zinageuka maji. (Kuna wanaochanganya: Makutupora iliyo mbele ya njia hii, penye visima vikubwa vinavyolisha mji maji na kituo cha utafiti wa zabibu, si Makutupora ya reli ya SGR. Ile iko Manyoni, Singida.)

Jumamosi hapa ina sura yake. Ni siku ya mnada wa Msalato: ng'ombe na mbuzi wanaswagwa barabarani, malori ya mifugo yanaingia na kutoka, na nyama choma ya huko inasifiwa mbali. Ukipenda hivyo, ni siku bora kuliko zote. Ukikuta kundi la ng'ombe mbele, shuka kwenye baiskeli, simama pembeni, msalimie mchungaji kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha subiri. Kengele na kupenya katikati huwatawanya, na mchungaji atakayewakusanya upya ana haki ya kukukasirikia.

Mkonze: jengo zuri, ujenzi umekwisha

Treni za abiria za SGR zilianza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, na uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Agosti 2024. Kwa hiyo hapa hutakuta winchi wala tipa. Utakuta kitu kilichomalizika. Paa lake lilichorwa kufuata umbo la vilima vya mawe vya Dodoma, na ukisimama kwa mbali huku vilima vyenyewe vikiwa nyuma, mchoraji unamwelewa. Kwa usanifu, ndilo jengo tunalolipa nafasi ya kwanza kati ya yote matatu.

Ni safari ya watoto wa miaka kumi na kuendelea, ya wazee, na ya mtu anayejaribu baiskeli aliyoinunua jana. Ina somo moja zuri: ukitoka mjini kuelekea kusini unavuka reli ya zamani, iliyofika Dodoma mwaka 1910 enzi za Wajerumani, yenye upana wa milimita 1,000. SGR ina 1,435. Ukiziona zote mbili ndani ya saa moja utajua kwa macho kwa nini moja inaruhusu mwendo wa kilomita 160 kwa saa na nyingine hairuhusu.

Popote unapovuka reli ya zamani kwa usawa wa ardhi, ivuke kwa pembe mraba. Tairi la baiskeli huingia kwenye mfereji ulio kando ya chuma ukivuka kwa mshazari, na mpanda baiskeli huenda chini kabla hajajua. Kwenye SGR usitafute njia ya kuvuka: imezungushiwa uzio, nyaya za juu zina umeme wa volti 25,000, na vivuko vimejengwa chini au juu ya reli. Tumia hivyo.

Mtego wa barabara ya mzunguko

Safari za Mtumba na Msalato zinakutana na mradi wa nne bila kuutafuta: barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, njia nne, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Kila mpanda baiskeli akiona kipande kipya cha lami nyeusi, kipana na kisicho na gari, moyo wake humtuma aingie. Kabla kipande hakijafunguliwa rasmi, usiingie, na sababu zake ni za kiutendaji.

Magari ya mkandarasi hayafuati upande. Tipa huja mbele yako upande wako, kwa sababu kwake ile bado ni eneo la kazi. Kokoto ndogo zilizomwagwa juu ya lami mpya huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Makalavati na mifereji huwa bado iko wazi ukingoni, bila alama. Na pale ilipopigwa lami ya maji juu ya tabaka la kokoto, haijakauka, tairi hubeba utando mweusi unaookota kila kijiwe hadi kikaanza kukwaruza fremu. Likikukuta hilo, kwangua kwa kijiti, kisha futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo sana na oshea kwa sabuni papo hapo. Mafuta ya taa yakikaa, mpira hulainika na kuharibika.

Sehemu ambazo zimefunguliwa kwa magari ni jambo jingine: pita kama barabara yoyote kubwa.

Baiskeli ipi kwa njia ipi

Baiskeli nzito ya inchi 28, Phoenix na jamaa zake, inaifaa Mkonze kabisa na Msalato vizuri. Haina gia, ni nzito, lakini inaenda moja kwa moja, kerieli yake inabeba mzigo, na hakuna fundi asiyekuwa na tyubu yake. Udhaifu wake ni breki za fimbo. Kabla ya kuondoka, beba baiskeli hadi mteremko mdogo, kamata breki zote mbili: ikisogea zaidi ya urefu wake mwenyewe kabla ya kusimama, fundi azikaze au abadilishe mipira.

Kwa Mtumba tunapendelea ya gia yenye tairi za inchi 26, upana wa 1.95 hivi. Gia ndogo si kwa ajili ya milima, kwani milima haipo. Ni kwa ajili ya upepo. Mtu wa baiskeli isiyo na gia hukanyaga kwa nguvu magoti yake yote kilomita 17 za kwenda, na goti likianza kuuma upepo wa kurudi haumsaidii tena. Kasoro ya baiskeli nyingi za gia za mtumba ni gia yenyewe: cheni iliyochakaa huruka meno ukikanyaga kwa nguvu. Jaribu kwa kuivuta cheni mbele ya gia kubwa ya mbele. Ukiona mwanga chini yake na nusu ya jino limebaki wazi, cheni imekwisha.

Siti ipimwe hivi, kwa baiskeli zote: kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kuyumbisha nyonga. Siti za chini ni ugonjwa wa baiskeli za kukodi, na ndizo zinazowafanya watu waseme baiskeli inachosha.

Upepo wa tairi: inchi 26 jaza kama PSI 40 hadi 45, inchi 28 kama 50. Usijaze hadi mwisho halafu ukaiegesha juani. Hewa ya ndani hutanuka, na kiraka cha zamani ndicho cha kwanza kuachia. Kivuli cha mbuyu au ukuta kinatosha.

Miiba

Kinachozuia watu kufika si umbali wala malori, ni pancha. Dodoma ina miiba ya aina mbili inayokuhusu. Ya migunga ni mirefu na imenyooka, huingia moja kwa moja na unaiona. Mbigiri ni mdogo, wenye pembe, mmea wake hutambaa chini kwenye mabega ya barabara na vijia, na kila punje yake ikianguka huacha pembe moja ikitazama juu. Mbigiri hutoboa tundu dogo, na pancha yake ni ya polepole: unaikuta ukishamaliza kunywa chai.

Kwa hesabu ya miiba, Msalato ni mbaya kuliko Mtumba, kwa sababu kila anayesimama kupiga picha huisukuma baiskeli nje ya lami kwenye majani. Ibebe begani. Ni hatua kumi tu, lakini zinaokoa nusu saa.

Beba tyubu mbili kwa kila baiskeli, viraka sita, gundi, kipande cha msasa, vijiti viwili vya kubandulia tairi, pampu, na spana ya nati za gurudumu. Ukipata pancha, usianze na kiraka barabarani. Badilisha tyubu, kiraka utakiweka kivulini. Kabla ya kurudisha tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi kuizunguka yote. Kitambaa hunasa kwenye ncha ya mwiba bila kukukata kidole. Pancha ya pili ndani ya dakika kumi karibu kila mara ni mwiba uleule uliobaki.

Kiraka chenyewe: kwangua kwa msasa hadi mpira uwe butu, paka gundi nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, subiri dakika tano hadi iguseke bila kushika kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Makosa ya Dodoma ni mawili: kupaka gundi juani, ikakauka juu huku chini ikiwa mbichi, na kuacha vumbi litue juu yake. Geuzia mgongo upepo ufanyapo kazi hiyo.

Siku, msimu na maji

Jumapili asubuhi barabara ya Dar es Salaam hupungukiwa magari ya watumishi, ingawa malori hubaki, na majengo mengi Mtumba huwa kimya. Jumamosi kazi huwa zinaendelea maeneo mengi ya ujenzi. Kwa hiyo anayetaka usalama aende Mtumba Jumapili. Anayetaka kuona zege likimwagwa aende Jumamosi, saa 12:30 asubuhi awe tayari barabarani.

Mvua ni za Desemba hadi Aprili. Hata katika miezi hiyo siku nyingi asubuhi ni kavu, na vumbi hakuna, na nchi ni ya kijani. Tatizo ni vijia vya udongo: kwenye mabonde udongo wa mfinyanzi hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Baki kwenye lami. Korongo lenye maji yanayokwenda, hata ya kufika goti, usilivuke na baiskeli. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto kali. Saa 3:30 asubuhi uwe umeshageuza kurudi, popote ulipo.

Maji yabebwe kutoka mjini. Visima vingi vya pembezoni vina chumvi, na maji ya chumvi yanaongeza kiu. Kunywa kidogo kila robo saa kabla hujasikia kiu, na weka kipande cha muwa au ndizi mfukoni kwa nusu ya pili ya safari.

Walinzi na picha

Majengo ya serikali, viwanja vya ndege na reli si mahali pa kuinua simu hovyo. Nenda kwa mlinzi kwanza, shuka kwenye baiskeli, salimia, sema umekuja kutazama ujenzi, uliza unaruhusiwa kusimama wapi na kupiga picha ya nini. Akikataa, amekataa. Beba kitambulisho chako cha taifa. Ndege isiyo na rubani usije nayo bila kibali. Lango la magari ya ujenzi lisiwe mahali pa kusimama hata dakika moja: dereva wa tipa anayepinda kushoto haoni kitu kilicho chini ya dirisha lake la kushoto, na baiskeli ina urefu huohuo.

Baiskeli ikigoma kabisa

Hapa Mtumba inashinda tena. Kwenye barabara ya Dar es Salaam hukosi guta au kirikuu cha kukurudisha na baiskeli yako, hasa kati ya Ihumwa na Nzuguni. Patana bei kabla ya kupakia, na funga gurudumu la mbele lisizunguke njiani. Mkonze unaweza kusukuma hadi mjini. Msalato, siku isiyo ya mnada, unaweza kungoja muda mrefu, kwa hiyo kwenye njia hiyo mwe angalau wawili, na pampu iwe mikononi mwa yule anayekwenda nyuma.